Miezi 14 na mkono wa bandia hapa Mwanza: wanakupima umekaa, wakati wewe utauvaa unatembea

Habari zenu jamani. Hii nimeahidi kuiandika tangu mwaka jana maana haipiti wiki mtu hajanisimamisha, mara stendi Nyegezi, mara kwenye foleni ya maji, kaka samahani huo mkono umeutoa wapi, bei gani, unafanya kazi kweli au pambo tu. Kwa hiyo leo nasema yote, uzuri na ubaya, na ukiniuliza tena nakutumia hii, sirudii.

Mi ni mwanaume wa miaka 41, nakaa Bugarika kule juu kwenye mawe, sa hivi ni wakala wa miamala ya simu na nina kaduka huku chini barabarani. Mkono wa kushoto uliondoka 2021 kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkanda ulikamata mkono wa shati na mkono wangu ukafuata shati. Wakakata juu ya kiwiko, nikabaki na kigutu cha kama shibiri moja toka begani. Hapo sitakaa sana, yameshapita.

Nachotaka kuongelea ni kutembea.

Ndio, kutembea. Najua unajiuliza mkono na kutembea wapi na wapi, hata mi nilikuwa hivyohivyo. Ukipoteza mkono watu wanakuonea huruma kwenye kula, kufunga vifungo, kuoga, kukata kitunguu, ila hamna anayekuuliza unatembeaje, miguu si ipo yote miwili? Sasa nimetoka wodini mwezi haujaisha, mdogo wangu ananiambia kaka mbona unatembea kama umebeba ndoo. Nikamwambia ndoo gani we. Akanirekodi na simu kwa nyuma bila kuniambia, tunashuka ngazi za mawe kwenda barabarani, afu akanionyesha. Aisee. Bega la kushoto limepanda juu karibu lishike sikio, la kulia limelala, na kila hatua kifua chote kinageuka kidogo kama mlango uliong'oka bawaba moja. Nilikuwa najiona natembea kawaida kabisa.

Dada mmoja fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndo alinifungua macho. Akaniambia, baba, tembea mpaka kwenye ule mlango urudi. Nikaenda nikarudi. Akasema haya sasa rudia, ila huo mkono mzima ukumbatie tumboni usiuache urushwe. Nikarudia, na palepale kwenye korido nikahisi kiuno kinakataa, hatua zimekuwa fupi, mwili unataka kuzunguka na hamna cha kuuzuia. Akanielekeza hivi: mguu wa kulia ukienda mbele unausukuma mwili kuzunguka upande mmoja, mkono wa kushoto nao unaenda mbele wakati uleule kuufuta ule mzunguko, mguu wa kushoto na mkono wa kulia hivyohivyo. Kaa pale Kenyatta Road dakika mbili tu uangalie wapita njia utaona, wote wanakwenda mkasi, mkono na mguu wa upande wa pili, hamna aliyefundishwa. Na mkono si kitu chepesi, mkono mmoja mzima toka begani ni kama asilimia 5 ya uzito wa mtu, mi nina kilo 70 kwa hiyo ni kilo tatu na nusu zilizokuwa zinabembea upande wa kushoto maisha yangu yote, afu siku moja kilo mbili na zaidi hazipo.

Aliniambia pia kuna watafiti 2009 waliwapima watu wazima wenye mikono yote, wakawaambia watembee bila kurusha mikono, wakakuta mwili unatumia nguvu zaidi kwa kama asilimia 12. Yaani umebana mikono tu, hujabeba kitu, hujapanda mlima, tayari unalipa asilimia 12 juu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini nilikuwa nikifika nyumbani kwangu nahema kama nimebeba gunia, nikadhani ni damu iliyopungua, mama yangu akawa ananinywesha juisi ya rosela na maini kila siku. Maini sijakataa lakini haikuwa damu peke yake.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe.

Wa kwanza ni ule wa mikanda na waya, mafundi wanauita wa kazi. Sehemu niliyoutengenezea siitaji jina maana lengo langu sio kumharibia mtu riziki, ni karakana ya hapahapa Mwanza, ukiwa unatafuta utaikuta mwenyewe. Nililipa milioni moja na laki moja, nusu kwanza nusu siku ya kuchukua, bima yangu haikuhusika hata shilingi. Wakanipaka plasta ya Paris kwenye kigutu wakatoa umbo, wakasema njoo baada ya wiki tatu. Wiki tatu zikawa tisa. Kila nikipiga simu, kaka kuna kifaa kipo njiani. Nikawa nauliza hicho kifaa kinatembea kwa miguu kutoka wapi.

Siku ya kuchukua wakanikalisha kwenye kiti. Shika neno hilo, kiti. Wakanivalisha soksi ya kigutu, wakaingiza soketi, ile sehemu ngumu inayomeza kigutu, wakanifunga mikanda, ile inayopita kama namba nane mgongoni na kuzunguka kwapa la kulia. Ukisukuma kigutu mbele na kutanua mabega mkanda unavuta waya, waya unafungua ndoano, ukilegeza mipira inaifunga. Kiwiko nacho kina loki yake, ukishusha bega na kulirudisha nyuma kidogo kinasema ka!, kimefunga, ukirudia ka!, kimeachia. Kikiwa kimeachia waya uleule unakunja kiwiko, kikiwa kimefunga unafungua ndoano. Ukiuelewa huo mpango utamheshimu aliyeubuni, hamna betri, hamna chaji, ni bega lako tu. Nikaokota kizibo cha soda. Nikaokota noti ya elfu mbili mezani. Nikashika kikombe cha plastiki nikanywa maji. Wote pale wakapiga makofi, na mimi nikapiga kwa kujigonga paja, nikamalizia hela, nikasaini, nikainuka.

Kuanzia kuinuka ndo matatizo.

Kile kiti kinakudanganya. Umekaa, mabega yametulia, mikanda imekaa vizuri. Ukianza kutembea mabega yanacheza, ndo kazi yake, sasa kila nikirusha mkono wa kulia mbele, mkanda wa kwapani unavuta, waya unavuta, kigasha cha bandia kinanyanyuka chenyewe. Mkono wa kulia ukirudi, kinashuka. Mbele kinanyanyuka, nyuma kinashuka, natembea pale nje mbele ya wauza matunda kama mtu anayejaribu kusalimia afu anaghairi. Nikisema basi nikifunge kiwiko, naona sawa kimetulia, ila sasa waya ni wa ndoano, nayo inaanza kufunguka na kufunga kila hatua, tak, tak, tak, kama kaa. Na kibaya kuliko vyote ile loki: kigutu kinapokwenda nyuma kwenye mwendo ni mlemle kwenye njia ya kufunga loki, kwa hiyo nikitembea kwa haraka, ka!, kiwiko kimefunga bila kukiambia, mkono umekakamaa nyuzi tisini mbele yangu, hatua tatu mbele, ka!, umeachia unaanguka unanigonga nyonga.

Unajua mwili unafanyaje ukikutana na kero ya hivyo? Unaacha kurusha mkono mzima. Mi mwenyewe sikujua kama nimeacha. Ndani ya wiki mbili nilikuwa natembea nimebana mkono wa kulia kwenye mbavu ili mkanda usivute, yaani nimelipa milioni na laki nikaongeze mkono, nikapoteza na ule niliozaliwa nao. Kabla ya kuuvaa nilikuwa na mkono mmoja unaobembea, baada ya kuuvaa nina sifuri. Mdogo wangu akarekodi tena, akacheka mpaka akakaa chini, kaka sa hivi unatembea kama umefungwa kamba unapelekwa polisi.

Nikarudi karakana. Nikawaeleza. Jibu: utazoea. Nikarudi tena, jibu, mkono wa kazi ni wa kazi kaka, sio wa matembezi. Sasa nikawauliza hiyo kazi nitaifikiaje, mtanibeba? Hapo ndo malalamiko yangu makubwa yalipo, na sio kwamba ni watu wabaya, soketi yao waliitengeneza vizuri kabisa, mpaka leo haijawahi kunichubua hata siku moja, ila hamna hata mmoja aliyesema kaka hebu simama uende mpaka getini urudi tuone. Dakika moja tu.

Kabla sijaendelea niwape kichekesho. Nilitaka kujua huu mkono una uzito gani maana bega lilikuwa linauma, na karakana hawakuwa wanajua, kwa hiyo asubuhi moja nimeenda mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, nikamwomba mama mmoja mizani yake. Akasema weka, akidhani nina mfuko. Nikafungua mikanda nikauvua nikauweka pale juu ya dagaa. Jamani. Yule mama aliruka nyuma akasema kwa Kisukuma kitu ambacho siwezi kuandika hapa, wabeba mizigo wakajaa, mmoja anauliza bei ya kilo. Ulisoma kilo 1 na gramu 400. Mama alipotulia akaugeuza akaukagua kama anakagua sangara, akaniambia, baba, huu ni mwepesi kuliko wa kwako. Kweli. Nilikuwa nalalamika mzito na ni mwepesi zaidi ya nusu kilo kuliko nilichopoteza. Uzito wa nyama yako mwenyewe haulalamikii maana umeshikwa na mifupa na misuli, huu umening'inizwa kwenye ngozi ya kigutu na mkanda, kila gramu unaihesabu.

Aliyenisaidia ni fundi mwingine, mtaalamu wa viungo bandia aliyesoma Moshi pale TATCOT, kile chuo kilichoanza 1981 jirani na hospitali ya KCMC ambacho nchi nyingi za Afrika zinapeleka watu wao kusomea kazi hii. Huyu kabla hajagusa kitu alinitoa nje, akaniambia ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma, tembea mpaka kwenye ule mwembe, kawaida, usijikaze. Nikaenda. Akaniambia rudi kwa haraka kama daladala inakuacha. Nikarudi, ka!, mkono ukakakamaa, akacheka, akasema nimeona. Kazi ya nusu saa tu. Kamkanda ka loki akakalegeza na kukahamisha mahali pa kushikia ili mpaka kigutu kirudi nyuma kupita mwendo wa kawaida ndo kivute, namba nane ya mgongoni akailegeza kama vidole viwili, kwapani akaweka kipande cha ngozi laini maana nilikuwa na vipele vya jasho. Na akanifundisha kitu ambacho kilitakiwa kuwa cha siku ya kwanza: ukianza safari hakikisha kiwiko kimeachia, kinyooke, kibembee chenyewe, ukifika ndo ukifunge.

Sasa na hapa msije mkadhani nimepata dawa ya kila kitu. Mikanda ikilegea ya kutembea, inapungua ya kufanyia kazi. Nikileta ndoano karibu na mdomo au kwenye kifungo cha juu cha shati haifunguki yote, waya unaishiwa. Fundi aliniambia wazi, ngosha chagua, nikikaza unashika vizuri unatembea vibaya, nikilegeza kinyume chake. Nikachagua katikati, nimeweka alama mbili kwa kalamu ya wino kwenye mkanda, ya dukani na ya njiani, naivuta mwenyewe kwa meno. Ndio, kwa meno. Na hata ikiwa kwenye alama ya njiani, bado ule mkono haubembei kama mkono, unafuatafuata tu nyuma, mfupi mfupi. Ila mkono wangu wa kulia umerudi kazini na mgongo wa chini upande wa kulia ambao ulikuwa unaniamsha saa nane usiku umepoa sana. Sio kupona, kupoa.

Mkono wa pili niliuongeza mwezi wa saba baada ya wa kwanza, huu ni wa kuonekana tu, wanauita wa urembo. Laki nne na nusu. Ndani sponji, nje glavu ya mpira ya rangi ya ngozi, ambayo kwangu rangi waliyopata ni ya mtu mweupe kuliko mi, nikivaa shati fupi naonekana nimeazima. Haushiki chochote. Vidole unavikunja kwa mkono mwingine. Mkanda ni mmoja tu mwepesi kifuani, hauna waya. Rafiki zangu wote walinicheka, laki nne na nusu ununue mdoli.

Huo mdoli ndo unaotembea vizuri kuliko wote. Sikutegemea kabisa. Hauna waya wa kuvuta, mkono wa kulia uko huru, kiwiko kinalegea na kubembea. Tatizo lake ulikuwa mwepesi mno huku mwisho, ukitembea unapepea tu kama kanzu, haurudi kwa nguvu. Nikamwambia yule fundi, akasema uzito wa huku kwenye kifundo ndo unaoufanya ubembee kama timazi, tukiweka kidogo utaona. Mi nimekulia mwaloni, nikaenda kwa mshona nyavu nikanunua vile virisasi vya kuzamishia nyavu, robo tatu ya kilo. Akafungua glavu, akavipanga kwenye kifundo, akavifunga na gundi. Nikatoka kwenye kipilefti cha samaki mpaka Jiwe la Bismarck kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu 2021 niliutazama uvuli wangu barabarani ukaniridhisha, mikono miwili, mkasi, kushoto kulia. Nilisimama pale kwenye mawe nikaangalia ziwa kama mtalii.

Lakini gramu 750 zilikuwa nyingi. Tulipofika kwenye joto la saa saba, kigutu kikatoa jasho, soketi ikaanza kuteleza chini, na ule uzito unaivuta, nikawa natembea nimepandisha bega kuishikilia, yaani nimerudi kulekule kwa mbeba ndoo. Tumetoa tumetoa tumebaki na gramu 300. Hapo ndo pamenikaa mimi, mwenye kigutu changu na mwili wangu, wewe usikimbilie kununua risasi za nyavu, nenda kwa mtaalamu akupime, mwenye kigutu kifupi kuliko changu naambiwa hata hizo zinaweza kuwa mateso. Na aliyekatwa chini ya kiwiko mambo yake ni mepesi zaidi maana kiwiko chake mwenyewe kipo, mengi ya haya ya loki hayamhusu.

Sasa hii ya kuanguka naomba uisome taratibu, hasa kama unaishi milimani kama sisi.

Mwezi wa nne, mvua, natoka dukani saa mbili usiku, nimevaa ule wa kazi, mkono wa kulia nimebeba dumu la lita kumi. Ngazi za kwetu Bugarika sio ngazi za mkandarasi, ni mawe, mengine ya Mungu mengine ya majirani, kila moja na urefu wake. Mguu ukateleza. Mtu wa kawaida hapo mikono yote inaruka, mmoja unatafuta pa kushika mwingine unarusha uzito upande wa pili mwili urudi. Kwangu wa kulia una dumu, na akili haikuliachia, sijui kwa nini, maji tu yale. Wa kushoto ulijitahidi kweli, nilihisi kabisa kiganja changu cha zamani kinajitanua kushika ukuta, kile ambacho hakipo, vidole vyote vitano, na kilichofika ukutani ni ndoano ya chuma ikateleza kwenye jiwe ikatoa cheche. Nikaenda chini ubavu ubavu. Mbavu ziliuma wiki tatu, dumu halikupasuka, kuna watu wana bahati ni madumu.

Nilipomsimulia yule dada fizio hakushangaa. Alisema Marekani watafiti waliwauliza watu zaidi ya 100 waliopoteza mkono, matokeo yakatoka 2019, karibu nusu yao walikuwa wameanguka angalau mara moja ndani ya mwaka, na wanaovaa mkono wa bandia ndo walikuwa kwenye hatari zaidi ya kuanguka mara kwa mara. Hiyo ya mwisho ilinishtua, nilidhani ukivaa ndo unakuwa salama. Akasema fikiria, umeongeza uzito ambao hauna hisia, haukwambii uko wapi, na ukijikwaa haukamati. Kwa hiyo mazoezi aliyonipa hayakuwa ya mkono hata kidogo, yalikuwa ya miguu na kiuno, kusimama mguu mmoja huku napiga mswaki, kutembea kwenye mstari wa vigae, kupanda na kushuka ngazi moja bila kushika. Na sheria moja: kwenye ngazi mkono mzima haubebi kitu. Mzigo mgongoni. Nina begi la shule la mwanangu wa darasa la tano, la katuni, maji, unga, dagaa, vyote humo. Vijana wa bodaboda wananiita mwanafunzi.

Kwenye daladala nitasema kifupi, ule wa ndoano unanasa kwenye kila kitu, kamba, mikoba ya kinamama, mlango, na konda akikuvuta mkono kukuharakisha usiogope, yeye ndo ataogopa.

Mambo madogomadogo ambayo mtaniuliza: soksi za kigutu nunua sita, mbili hazitoshi kwa joto la hapa, soketi ifute kila jioni na kitambaa cha maji na sabuni kidogo uiache ipigwe upepo usiku kucha, usipofanya hivyo wiki ya pili itanuka kuliko panki za juzi, yale mabaki ya sangara. Waya wa ule wa kazi ulikatika mara mbili ndani ya miezi 14, mara ya kwanza elfu 15, mara ya pili fundi wa baiskeli Mabatini aliniwekea waya wa breki kwa elfu mbili na umedumu kuliko wa kwanza, sisemi ufanye, nasema nilifanya. Glavu ya ule wa urembo imeanza kupasuka kati ya kidole gumba na cha shahada na ina doa la wino wa kalamu halitoki kwa chochote.

Alama zangu. Karakana ya kwanza soketi nawapa 9, huduma nawapa 4, na hizo 4 ni kwa sababu ya chai walionipa siku nilipokaa masaa matano. Mkono wa kazi dukani 8, njiani ulipotoka kwao 2, baada ya kurekebishwa 5. Wa urembo dukani sifuri, njiani ukiwa na risasi zake 8. Ukiniambia nichague mmoja tu, hela ya mmoja tu, hapo sa hivi nakwama, mwaka jana ningesema wa kazi bila kufikiri. Inategemea siku yako ina nini zaidi, kushika au kwenda. Mtu wa kukaa na kazi ya mezani achukue wa kazi. Mtu wa kupanda na kushuka kama mimi, afikirie huo mdoli na wala asione aibu. Na popote utakapokwenda, kabla hujatoa ile nusu ya pili, inuka kwenye kiti chao, tembea mpaka barabarani na kurudi, polepole, afu kwa haraka, afu panda ngazi kama wanayo, mwambie mtu wako akurekodi kwa nyuma. Wakikwambia utazoea, rudi ukakae na hela yako mfukoni mpaka waje kuangalia.

Mi utaratibu wangu sa hivi ndo huu. Asubuhi nashuka na wa urembo, nikifika dukani nauvua naweka chini ya kaunta kwenye boksi la sabuni, navaa wa kazi nakaza mkanda mpaka alama ya dukani, nafanya miamala, nafunga vifurushi vya sukari, nahesabu noti kwa ndoano haraka kuliko wewe na vidole vyako. Saa mbili usiku navua wa kazi nautundika kwenye msumari nyuma yangu, pale juu ya vocha, navaa mdoli wangu na begi la katuni, napanda mawe. Kwa hiyo ukija mapema kutoa hela ukakuta mkono umening'inia peke yake ukutani usikimbie, niite tu, nipo huku nyuma navaa.